Jina la kazi lianzie kwenye daftari

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: kijana mwenye ujuzi, asiye na ndugu ofisini, ajijengeeje jina mpaka kazi zimfuate? Najibu nikiwafikiria vijana wa Mtwara na Lindi, maana miji yetu ni midogo na habari ya kazi nzuri au mbovu hutoka Shangani ikafika Mikindani kabla jua halijazama.

Ushauri unaotolewa sana ni kufungua ukurasa mtandaoni na kuweka picha kila siku. Simu nitaifikia. Lakini asiye na kitu cha kuonyesha huishiwa maneno ndani ya wiki mbili, akabaki kubandika misemo ya kutia moyo. Kinachotangulia ni kumbukumbu ya kazi. Nunua daftari gumu, lile la kaunta, na kila kazi ikiisha ijaze siku hiyohiyo kabla hujalala: tarehe, mahali, tatizo, chanzo chake, ulichofanya, vifaa, muda, na namba ya aliyeikagua. Kisha acha mistari miwili mitupu. Hiyo ndiyo yenye thamani kuliko yote, kwa sababu utairudia baada ya siku 30, ukishampigia mteja kuuliza kama kitu bado kinafanya kazi.

Tuseme ni fundi friji. Ukurasa wake mmoja unaweza kusomeka hivi: "Friza ya mama muuza samaki, Mikindani. Inawaka, haigandishi. Kondensa, ile sehemu ya kutoa joto nje, imeliwa na chumvi, vibati vyake vimeziba, feni inazunguka kwa shida. Nimesafisha kondensa, nimebadilisha feni. Baada ya saa 5 imefika nyuzi 18 chini ya sifuri. Nimemwelekeza aivute mbali na ukuta na kuipangusa vumbi kila mwezi. Siku 30: bado inagandisha."

Kurasa ishirini za namna hiyo humfundisha fundi mwenyewe. Huenda akaona kuwa kazi zake nyingi zinaletwa na upepo wa chumvi. Basi hapo ameshajipatia utambulisho: fundi wa friza za pwani. Kosa linalowaangusha wengi ni kujiita kila kitu, "fundi umeme, friji, tivii, simu na mabomba", kwa hofu kwamba wakitaja kimoja watakosa vingine. Anayekupendekeza kwa mtu anaweka heshima yake rehani. Hawezi kukutetea kwa mambo matano asiyoyaona. Kwa moja alilolishuhudia ataapa.

Kwa wachomeleaji wanaolenga kazi za gesi, kuanzia Madimba hadi Songo Songo, kumbukumbu ni jambo zito zaidi. Aliyefaulu jaribio la 6G, lile la bomba lililofungwa mshazari kwa nyuzi 45, asidhani amemaliza. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, akikaa zaidi ya miezi 6 bila kuchomelea kwa njia aliyopimiwa, sifa ile inakoma, na mageti ya mtaani hayahesabiwi kwa sababu hayakufanywa chini ya usimamizi wa kampuni inayomtambua. Kwa hiyo mkataba ukikaribia kwisha, usiondoke na mshahara peke yake. Omba nakala ya kumbukumbu ya uchomeleaji wako yenye sahihi ya msimamizi, ikionyesha njia, unene wa bomba na tarehe ya mwisho uliyochomelea. Kampuni mpya huenda ikakupima yenyewe. Karatasi ile ndiyo itakayokusaidia kuitwa kwenye kipimo. Inaniuma kuona mikono mizuri ikirudi kuuza vocha kwa kukosa karatasi moja.

Sasa simu. Mwenye hoteli akiharibikiwa friza humuuliza jirani, na jirani hutafuta kwenye simu neno "friza", hatafuti jina la baba yako. Simu za watu zimejaa akina "Fundi Juma". Ukimaliza kazi, omba mteja aihifadhi namba yako mbele yako kwa jina na kazi, "Juma Friza Mtwara", nawe uhifadhi yake. Kuna sababu ya pili: stetasi ya WhatsApp kwa kawaida huonwa na watu mliohifadhiana namba, na hupotea baada ya saa 24. Anayeweka kazi zake kila siku akatazamwa na watu 11 mara nyingi hana tatizo la picha. Wateja wake hawajamhifadhi. Zile kazi bora ziweke kwenye katalogi ya WhatsApp Business, ambako zinabaki.

Picha ziwe mbilimbili, kabla na baada, kutoka pembe ileile. Pangusa lenzi, piga asubuhi au alasiri, kwani jua la saa sita hutia vivuli vyeusi chini ya kila kitu. Pata ruhusa ya mwenye nyumba, na isionekane namba ya gari wala sura ya mtoto. Namba yako ya simu usiibadili kwa kufuata ofa ya bando. Laini isiyotumika hufungwa, namba ikaangukia kwa mtu mwingine, na wote waliokuhifadhi wanampigia mgeni.

Aliyeajiriwa hana geti wala friza ya kupiga picha, na hapo wengi hukata tamaa. Mchukue mhasibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, wa korosho, Tandahimba au Ruangwa. Korosho zimepokelewa ghalani kwa stakabadhi, zimepigwa mnada, fedha zimeingia, makato yametolewa, na mkulima anataka kujua kwa nini kilo zake zimempa kiasi kile. Jina la mhasibu huyu hujengwa na karatasi ya makato ambayo mzee wa miaka 70 anaielewa bila kusomewa mara mbili. Kwenye wasifu wake asiandike "mchapakazi na mwaminifu", kwani kila mwombaji ameandika hivyo. Aandike wanachama wangapi wamelipwa kupitia mikono yake na baada ya siku ngapi tangu fedha ziingie. Na kama chama kilipata hati inayoridhisha kutoka COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, aitaje pamoja na mwaka wake. Majina ya wakulima na namba zao za akaunti hayo hayatoki ofisini, hata kwa picha ya mbali: ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo pia imani ya watu, ambayo ikivunjika hairudi msimu huo.

LinkedIn inamfaa huyu, pamoja na wanaotafuta kazi za gesi, saruji na bandari. Fundi wa mtaani aiache, wateja wake hawapo huko. Mstari ulio chini ya jina huchukua herufi 220; weka kazi, eneo na kitu kimoja ulichokamilisha.

Majina yafanane kila mahali. Cheti cha shule kinasema Hamisi, NIDA inasema Khamis, na maombi ya Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, yanakwama siku mbili kabla ya mwisho. Mwone wakili mapema akuandalie hati inayotakiwa. Wadhamini wawe watatu: bosi, mwalimu wa chuo, mteja. Wapigie kwanza na uwakumbushe kazi uliyoifanya. Mdhamini asiyejua kuwa ametajwa hushtuka akipigiwa, na ule mshtuko husikika upande wa pili kama shaka.

La mwisho ni majira. Fedha za korosho huanza kuonekana minada inapofunguliwa, kwa kawaida Oktoba, na ndipo watu wanapoezeka, wanapoweka mageti na kununua friza. Anayeanza kujitangaza Novemba amechelewa, mafundi wameshachaguliwa. Agosti na Septemba lifungue daftari, pita ukurasa kwa ukurasa, piga simu tano kwa siku. Simu iwe fupi: "Shikamoo mama, ni Juma wa friza. Ile tuliyotengeneza mwezi wa tano bado inagandisha?" Halafu nyamaza umsikilize. Akisema inavuja maji, nenda siku hiyohiyo.