Stima ilifikaje Ziwa Nyasa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mwanangu wa darasa la sita kaniuliza wazungu walileta vipi stima huku kwetu Ziwa Nyasa enzi hizo reli hakuna. Shemeji yangu anasema zilipanda tu mto kutoka baharini mpaka ziwani, mimi nabisha, nasikia huko chini kuna maporomoko. Nani kapatia? – Mama wa Kyela

JIBU: Marahaba mama. Shemeji kapatia nusu. Maji ya Nyasa yanatokea kusini kwa mto Shire, yanaingia Zambezi, yanaenda Bahari ya Hindi, kwa hiyo stima ikitoka baharini inapanda vizuri tu, shida ni katikati ya Shire, pale maporomoko yanafuatana kilomita kama 100 na hakuna chombo kinachopita. Livingstone alikwama hapo hapo na Ma Robert yake, stima iliyokuwa inakula kuni balaa, watu wanashinda porini wanakata magogo ili isogee kidogo. Ziwani alifika 1859 kwa miguu.

Sasa 1875 wamisheni wa Kiskoti wakaja na Ilala, meli ya chuma ya mita kama 15, imeundwa Uingereza kwa vipande vya kufunga kwa bolti. Chini ya maporomoko wakaifungua yote, wapagazi mamia wakabeba mabati na mashine kichwani na mabegani, kupanda vilima, jua la Septemba si unalijua, huko juu ikaungwa tena na Oktoba ikaingia ziwani. Ukisoma habari zake utakutana na jina la nahodha, E. D. Young, ila waliobeba wanaitwa wapagazi tu basi, na mimi hilo linaniuma kweli, maana bila shingo zao ile stima ingebaki chuma cha kando ya mto.

Biashara nayo ikapita humo humo. Kampuni ya African Lakes ilianza 1878, nguo zinapanda, pembe za ndovu zinashuka, na kila mzigo ukifika kwenye maporomoko ni kichwani tena.

Hata Wajerumani wenye Dar es Salaam yao, stima yao ya Hermann von Wissmann ya 1893 waliipitisha Zambezi na Shire, maana kutoka pwani mpaka kwetu ni milima na milima. Ndiyo ile Waingereza waliivamia pale Liuli, ufukweni mwa ziwa, Agosti 1914.

Mpe mtoto ramani mama, aweke kidole bandari ya Itungi, kaskazini mwa ziwa, ateremke ziwa lote mpaka Shire, ataona mwenyewe.