Meli ya kitalii na wazazi: Desemba acha, na usijifanye mwenyeji

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Kama kuna meli ya kitalii ambayo familia ya Arusha inaweza kuipanda bila kusumbuka na viza. Kama Desemba ndiyo wakati wake, kwa kuwa watoto wamefunga shule. Na kama ukiwa na wazazi, mke, watoto na dada yako mtapumzika kweli, au mtakwenda kugombana juu ya maji. Nimesafiri hivyo na watu wa kwetu Kibosho: wazazi, mama mdogo, wadogo zangu na watoto. Naanza na Desemba, maana hiyo ndiyo itakayokuharibia safari.

Desemba acha. Wewe ni mtu wa huku, unajua mwezi huo watu wanarudi kuhesabiwa. Mzee anataka kuona magari yamebanana uani, mbuzi amefungwa chini ya mgomba, mbege imeiva, wajukuu wa Dar wanalalamika kuhusu baridi. Ukimtoa hapo tarehe 23 ukampeleka Durban, Afrika Kusini, kupanda meli, atakaa humo anapiga hesabu nani kafika na nani hajafika. Majirani nao watauliza kwa nini geti la mzee fulani limefungwa Krismasi nzima, na hilo litasemwa kanisani mpaka Pasaka. Likizo ya meli haishindani na Krismasi ya kijijini, usiipe kazi hiyo. Tena bei za wiki ile hupanda, na kama kazi yako ni ya utalii kama watu wengi wa mji huu, Desemba wageni wamejaa na bosi hakupi ruhusa hata ukimlilia.

Sisi tulisubiri mapumziko ya katikati ya muhula, Machi kuelekea Aprili. Masika yameanza, safari za mbugani zimepungua, shamba nalo linajinyweshea lenyewe. Angalia tu usiangukie wiki ya Pasaka, maana Waafrika Kusini nao wako likizo.

Sasa meli yenyewe. Iliyo karibu nasi kwa upande wa makaratasi ni ya Durban. MSC, ndiyo, ileile ya makontena unayoyaona kwenye malori yanayopanda kutoka bandarini Dar, ina meli za abiria, na kwa miaka mingi imekuwa ikiweka moja Durban msimu wa joto wa kule, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Safari nyingi ni fupi, usiku 3 au 4, kwenda Portuguese Island, kisiwa kidogo jirani na Inhaca mbele ya Maputo, au Pomene kwenye mkoa wa Inhambane. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida haombi viza kwa matembezi mafupi Afrika Kusini, na Msumbiji vilevile. Hilo peke yake lilitosha kwangu. Ukitaka Italia na Ugiriki, ni viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, alama za vidole Dar, taarifa za benki, na viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja ikiwa meli inatoka nje ya eneo lao na kurudi. Kwa vijana wawili sawa. Kwa mzee wa miaka sabini na kitu, hiyo si likizo tena, ni kesi.

Pasipoti za wote ziwe na angalau miezi 6 mbele. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama mzazi mmoja hasafiri, barua yake ya ridhaa. Kadi ya homa ya manjano nayo tia mkobani hata kama hakuna aliyeiuliza. Kama dada yako ni mjamzito aseme mapema, kwani kampuni nyingi hazimchukui aliyefikisha wiki ya 24, na mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 mara nyingi hapandi.

Usishangae ukikosa wa kukusaidia hapa mjini. Arusha imejaa kampuni za utalii kuanzia Sakina hadi Njiro, lakini karibu zote kazi yao ni kumpokea mgeni, si kumtoa mwenyeji. Tulipata tiketi za ndege kwa wakala wa kawaida, meli tukailipia wenyewe mtandaoni. Kutoka uwanja wa ndege wa KIA utaunganisha Dar au Nairobi, kisha Johannesburg, kisha Durban. Fika siku moja kabla. Ndege ikichelewa shirika linakutafutia nyingine, lakini meli ikishang'oa nanga imekwenda.

Kabla ya hayo yote kuna mama. Wazazi wetu wana sababu ya kuogopa meli, na usiwacheke. Mama nilipomtajia, jibu lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, umesahau MV Bukoba?" Ilipozama Ziwa Victoria, Mei 1996, mimi nilikuwa mdogo, yeye anakumbuka redio ilivyokuwa ikisoma majina. Halafu 2018 ikaja MV Nyerere pale Ukara. Sikumwambia meli za siku hizi hazizami, maana Costa Concordia ilipinduka Italia Januari 2012 nayo ilikuwa meli kubwa ya starehe. Nilimweleza tofauti anayoweza kuiona kwa macho: huku kwetu balaa lilikuwa kujaza watu kupita kiasi, wengine hawako hata kwenye orodha. Kule kila mtu ana kadi yenye jina, huingii wala kutoka bila kadi kusomwa, na tangu mkasa wa Concordia sheria inataka mazoezi ya dharura yafanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kila abiria anaonyeshwa kituo chake cha kukusanyika. Baba alihesabu boti za kuokolea upande mmoja, akavuka akahesabu za upande wa pili, akarudi ametulia. Mpe mzee nafasi ya kukagua, ukaguzi huo unamfaa kuliko maneno yako.

Na mpime baharini kwanza. Mwaka uliotangulia tuliwapeleka Zanzibar kwa boti ya Dar, mwendo wa saa mbili hivi. Boti zile ni nyepesi, zinaruka, na kipindi cha kusi, hasa Juni hadi Agosti, watu wanagawiwa mifuko. Aliyeimudu ile, meli ya karibu mita 294 kama MSC Musica haitamshinda. Si kwamba haitikisiki. Pwani ile ina mawimbi mapana yanayoinua taratibu na kushusha taratibu, na kuna wakati ukitembea ukumbini utadhani umeonja mbege. Omba vyumba vya katikati ya meli na sitaha za chini, yaani ghorofa zake za chini, huko ndiko mtikisiko unakuwa mdogo. Dawa ya kichefuchefu uliza famasi kabla ya kuondoka, hasa kama mzee anatumia dawa za presha. Na dawa zake zikae mkoba wa mkononi, usiziache kwenye begi kubwa. Mabegi makubwa unayakabidhi bandarini, yanaletwa mlangoni kwako baada ya saa kadhaa. Bima ya safari kata, maana daktari wa melini yupo lakini si wa NHIF.

Nije kwenye swali lako la tatu, ambalo ndilo kubwa. Mtapumzika ikiwa hakuna atakayekuwa mwenyeji. Nyumbani kwetu kila mkusanyiko una mwenye nyumba: mama yuko jikoni tangu alfajiri, mke wa kaka anaosha vyombo, baba anapokea wageni, wewe uliyetoka mjini unatoa hela. Wote mmechoka na wote mnasema ilikuwa raha. Meli inaiondoa hiyo kazi kwa sababu chakula kipo, chumba kinafagiliwa, na nyumba si ya mtu. Lakini mazoea yanapanda na nyie. Mama alikuwa anaamka anatandika kitanda na kufuta bafu kabla mhudumu hajaja, asionekane mchafu. Nilimwacha. Ilipofika siku ya pili au ya tatu nikawakuta yeye na mama mdogo wamekaa dirishani na vikombe vya chai, wanaongea, na saa tano walikuwa bado pale pale. Mkuu, hawa ni ndugu wa tumbo moja wanaoishi kata mbili zilizo jirani, na sikuwahi kuwaona wamekaa asubuhi nzima bila mmoja kuinuka kuangalia sufuria.

Hatari ni wewe mlipaji. Ukilipa wewe peke yako, utageuka mwenye nyumba wa meli: utawaamsha watu wakaone machweo kwa kuwa umeyalipia, utanuna dada akilala hadi saa nne. Sisi tulichanga ndugu wote kwa kikundi cha familia, kila mwezi kidogo kidogo, kwa zaidi ya mwaka. Aliyepungukiwa alitoa alichokuwa nacho na hakuna aliyejua isipokuwa mweka hazina. Hiyo ilitupa uhuru wa ajabu. Hakuna aliyekuwa mgeni wa mwenzake.

Tulikuwa na kanuni moja tu, kwamba chakula cha usiku tunakula meza moja. Mchana kila mtu na njia yake. Msitembee kama msafara wa harusi, mtamaliza siku mnasubiriana kwenye lifti. Watoto wana klabu yao na waangalizi, wadogo zangu walikuwa kwenye bwawa, na yule wa mwisho alikuwa disko hadi usiku wa manane, jambo ambalo baba alilijua na akaamua kutolijua.

Vyumba: usiwaweke wazazi kwenye vyumba vilivyo moja kwa moja chini ya sitaha ya bwawa hata kama ni bei nzuri, alfajiri viti vinaburutwa juu ya vichwa vyao. Wala karibu na disko. Karibu na lifti inafaa, kwani meli ni ndefu na magoti ni ya zamani. Angalia ramani ya sitaha kabla ya kulipa. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja mkilala wawili, kwa hiyo mama mdogo akilala peke yake atalipa zaidi. Watoto wanaolala chumba kimoja na watu wazima wawili mara nyingi wana ofa ya kulipia kodi za bandari tu.

Kilichomo kwenye bei ni chumba na chakula cha bafe na cha ukumbi wa kawaida. Soda, bia, kahawa nzuri, intaneti na picha ni pembeni, na kuna ada ya huduma kwa kila mtu kwa kila usiku, isome kwenye yale maandishi madogo. Huko ndani hakuna noti, kila kitu ni kadi ya chumba, na kadi haiumi mpaka asubuhi ya mwisho. Weka kiwango kwa kadi za vijana. Kwa wazazi tulifanya kinyume, tukawaambia kila kitu kimeshalipwa, la sivyo mama angekunywa maji ya bomba hadi Durban. Chakula ni kingi mno na si cha kwetu. Mtori hakuna, machalari hakuna, chai ni ya kifuko. Mama alibeba tangawizi ya unga, akawa anaitia kwenye kikombe huku anaangalia pembeni.

Baba ndiye aliyenishangaza. Mhudumu wa chumba chao alikuwa kijana wa Indonesia, na mzee kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni alimdadisi mpaka akajua ana watoto, na kwamba mkataba wake ni wa miezi mingi bila kurudi nyumbani. Hilo lilimkaa. Chakula cha usiku kizima alikuwa anauliza, sasa Krismasi anahesabiwa na nani huyu? Siku ya kushuka alimpa bahasha mkononi, mbali na ile ada, na hakutuambia kiasi.

Kuhusu kisiwa, usikitegemee sana. Meli haigusi gati kule, inatia nanga mnashuka kwa boti ndogo, na mawimbi yakiwa makubwa nahodha anafuta. Msimu huo wa meli pia ndio wa vimbunga kwenye Mlango wa Msumbiji; kimbunga Idai kilipiga Beira Machi 2019. Ikifutwa, mnabaki na siku moja zaidi ya bahari, na watoto watalia nusu saa. Sisi tulishuka vijana, wazazi wakabaki kwa sababu ya ngazi na mchanga. Wanasema ndiyo siku waliyoipenda kuliko zote, kwani meli ilibaki tupu, wakachagua viti wanavyotaka, na hakuna mziki.

Ndege ya kurudi usiweke asubuhi, kushuka na mabegi kunachukua muda. Ukishapata tarehe, andika hapa mko wangapi, umri wa watoto, na kama kuna mzee mwenye shida ya magoti, nikwambie vyumba gani vya kuulizia.