Usimtaje mbwa mbegu (yaani aina yake) kabla ya meno kubadilika: niliyojifunza kwa Tomi

Dada, umesema mdogo wako amekuletea mtoto wa mbwa wa wiki nane kutoka Kibaha. Ni mweusi mgongoni, kahawia miguuni, masikio yamelala, na aliyemuuza ameapa kuwa baba ni Jemani shepadi na mama ni Rotiwaila. Shemeji anasema ni koko mtupu. Umeuliza tukiangalia picha tunaweza kusema ni mbegu gani. Mimi nasema hapana, na nitakueleza kwa nini, maana swali hilo hilo lilinisumbua karibu mwaka mzima.

Mbwa wangu Tomi nilimnunua Arusha mwaka 2015, kando ya barabara, wakiwa watano ndani ya boksi la sabuni. Nilitoa shilingi 150,000 kwa sababu niliambiwa ni Jemani chotara, na kwa macho yangu niliona Jemani kweli: mgongo mweusi, miguu ya kahawia, vidoa viwili juu ya macho. Bibi yangu alipomwona akasema, "Huyu ni wa macho manne, kwetu walikuwepo tangu nikiwa msichana." Sikumsikiliza. Laiti ningemsikiliza, kwa sababu neno lake lilikuwa na maana kuliko la muuzaji. Rangi hiyo ya nyeusi na kahawia wanayo mbwa wa kienyeji wengi tu, na watoto wengi huzaliwa weusi kisha weusi ukapungua wanapokua. Tomi alipofika miezi mitano weusi ulikuwa umebaki mstari mwembamba mgongoni na ncha ya mkia. Sehemu nyingine zote zikawa nyekundu kama udongo.

Masikio ndiyo yaliyonitesa zaidi. Wiki ya 13 la kushoto likasimama, siku chache baadaye la kulia likafuata, nikapiga picha nikawatumia ndugu wote. Alipoingia mwezi wa nne yote mawili yakaanguka tena. Jirani akaniambia niyafunge kwa plasta yanyooke. Nikafunga. Usiku kucha alijikuna, asubuhi ngozi ya nyuma ya sikio ilikuwa imechubuka na inatoa majimaji, nami hadi leo najuta. Kumbe alikuwa anabadilisha meno. Siku hiyo hiyo nilikuta jino dogo kama punje ya mchele kwenye bakuli lake la dona. Wakati wa kubadilisha meno masikio hupanda na kushuka, hata kwa Jemani halisi. Ya Tomi yalisimama yenyewe alipofika miezi sita, bila plasta. Na hata hivyo hayakuthibitisha kitu, kwa sababu mbwa wa kienyeji wenye masikio ya kusimama wako kila mtaa.

Kilichoniambia ukweli ni mizani. Kila Jumapili nilimbeba nikapanda naye kwenye mizani ya nyumbani, kisha nikatoa uzito wangu. Wiki ya nane alikuwa na kilo 3 na kidogo. Mtoto wa Jemani wa umri huo huwa karibu mara mbili ya hapo. Nilijipa moyo kuwa ni minyoo, na kweli alikuwa nayo, tumbo limevimba na mbavu zinahesabika. Tukampa dawa, akanenepa, lakini mwezi wa nne alikuwa na kilo 9. Kwa mbwa wa wastani mpaka mkubwa, uzito wa mwezi wa nne huwa karibu nusu ya uzito wa utu uzima. Tomi aliishia kilo 18. Jemani dume hufika 30 mpaka 40. Kwa hiyo wewe mpime kuanzia wiki hii na uandike. Wengine watakwambia uangalie ukubwa wa vitanga vya miguu, lakini mtoto aliyekonda vitanga vyake huonekana vikubwa hata kama hatakuwa mkubwa.

Baadaye nilimtafuta yule kijana aliyeniuzia, akanipeleka kwa mwenye mama yao. Alikuwa jike mwekundu, mdogo, mpole, amelala chini ya mgomba. Baba? Hakuna aliyejua. Jike akiwa kwenye joto hufuatwa na madume wengi, na katika uzao mmoja watoto wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Ndiyo maana wale watano wa kwenye boksi hawakufanana, mmoja alikuwa na manyoya marefu kabisa. Manyoya marefu nayo yanaweza kutoka kwa wazazi wawili wenye manyoya mafupi, ikiwa kila mmoja amebeba urithi huo uliojificha. Kwa hiyo ukiona mtoto ana manyoya, usikimbilie kusema lazima kuna mbwa wa kizungu.

Wala si sisi tu tunaokosea. Mwaka 2009 watafiti Marekani walichukua mbwa 20 ambao wahudumu wa vituo vya mbwa walikuwa wamewataja mbegu kwa kuwatazama, wakapima vinasaba vyao. Kwa walio wengi, majibu ya macho na ya damu hayakulingana. Na hao ni watu wanaoshika mbwa kila siku.

Mwaka huo huo wa 2009 ulitoka utafiti mwingine ulionigusa zaidi, wa mbwa 318 wa vijijini Misri, Uganda na Namibia. Ulionyesha kuwa mbwa wa vijijini wa Uganda, na wengi wa Misri, hawakutokana na mchanganyiko wa mbwa wa kizungu. Wana ukoo wao wenyewe, wa zamani. Tunapomwita mbwa "koko" tunamaanisha mabaki ya mbegu nyingine zilizoharibika. Si kweli. Mbwa mwekundu wa masikio ya kusimama na mkia uliojikunja ni mbwa kamili wa huku kwetu, aliyezoea jua letu. Naomba umwambie shemeji hivyo, kwa upendo tu.

Najua unauliza mbegu kwa sababu unataka mlinzi. Hapo pia jina halitakusaidia sana. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kuwa mbegu inaeleza karibu asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Tomi wangu wa kilo 18 aliishi nasi miaka tisa. Aliwatambua watu wa nyumbani kwa mlio wa miguu kwenye changarawe, na mgeni hakufika mlangoni kabla hatujajua. Hakuwahi kung'ata mtoto. Hilo lilitokana na kumzoesha watu, watoto, pikipiki na kelele za mtaa angali mdogo, kabla hajafika miezi minne. Wiki hizi ulizo nazo sasa ni za thamani sana, usizimalize kwa kubishana juu ya masikio.

Kama mdogo wako bado ana namba ya muuzaji, omba picha ya mama. Omba na tarehe ya kuzaliwa, kisha umfungue mdomo uhakikishe: wa wiki nane anapaswa kuwa na meno ya utoto, 28 yakitimia, madogo na makali kama sindano. Ukiona ya mbele yameng'oka na mapana yanachomoza, huyo ana miezi mitatu au minne na umedanganywa umri. Umri mweleze daktari wa mifugo kwa usahihi, kwa sababu dawa ya minyoo na chanjo huhesabiwa kwa wiki, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akifika miezi mitatu. Kwenye kadi, penye nafasi ya aina, mimi niliandika "kienyeji".