Maswali na Majibu ya Washonaji: Rula na Violezo vya Mifarishi ya Viraka kwa Gharama Nafuu

Barua za wasomaji tulizochagua safari hii zote zinahusu gharama ya rula za akriliki na violezo (maumbo ya kuchorea) vya kukatia viraka vya mifarishi, yaani mablanketi yanayoshonwa kwa vipande vya kitambaa. Tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa kila swali.

Fundi, shikamoo. Ninaanza kushona mifarishi ya viraka. Tayari nina cherehani, kisu cha gurudumu (chenye wembe wa mviringo unaozunguka) na mkeka wa kukatia, lakini kila nikitazama rula nakuta ni za maumbo na ukubwa wa kila namna, na zote zinasifiwa kuwa ni za lazima. Ninunue zipi kwanza?
*Mwanafunzi wa ushonaji*

Marahaba. Nunua mbili, kisha ushone mfarishi mzima kabla ya kufikiria ya tatu. Ya kwanza ni rula ndefu ya inchi 6 kwa 24, na ya pili ni ya mraba yenye inchi 12½ kila upande. Urefu wa inchi 24 una sababu yake: kitambaa kingi cha pamba cha kushonea viraka kina upana wa inchi 42 hadi 44, hivyo kikikunjwa mara moja, upindo kwa upindo, hubaki inchi 21 au 22, na rula hiyo hukikata kutoka ukingo hadi ukingo bila kusogezwa. Ukinunua fupi kwa sababu ni rahisi, utalazimika kuisogeza katikati ya mkato, na hapo ndipo kanda hutoka zimepinda kama kiwiko. Rula ya mraba ni ya kusawazishia vipande vilivyokwisha kushonwa, na nusu inchi iliyozidi 12 ndiyo nafasi ya mshono wa pande mbili, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mshono, robo inchi kila upande.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba rula ina alama za robo na thumuni ya inchi, mstari wa nyuzi (digrii) 45 na mistari ya nyuzi 60. Iwapo mistari ya nyuzi 60 haipo, iache hata kama bei yake inavutia, kwa kuwa bila mistari hiyo utakuja kununua rula nyingine ya pembetatu ambayo hukuihitaji.

Fundi, nina rula ndefu na ya mraba kama ulivyowahi kushauri. Sasa kila kitabu cha michoro ninachofungua kinataka rula maalumu: moja ya pembetatu, moja ya almasi, moja ya kukatia bata warukao. Je, kuna njia ya kushona michoro hiyo bila kuzinunua?
*Msomaji wa siku nyingi*

Ipo, na ningependa kila mshonaji aifahamu, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu. Sehemu kubwa ya rula za maumbo ni hesabu iliyokwisha kufanywa na kuchongwa kwenye akriliki. Unayemlipa ni mtu aliyekujumlishia nafasi ya mshono, na hesabu zenyewe ni chache kiasi kwamba zinaenea kwenye kipande cha karatasi unachoweza kukibandika ukutani juu ya cherehani.

Tuanze na mraba uliogawanywa katika pembetatu mbili, ambao ndio mchoro unaojirudia kuliko mingine yote. Chukua ukubwa unaoutaka baada ya kushona, uongeze inchi ⅞, ukate miraba miwili ya rangi tofauti kwa kipimo hicho. Ipange uso kwa uso, chora mstari wa ulalo, shona robo inchi kila upande wa mstari huo, kisha kata juu ya mstari. Utapata vipande viwili vilivyokamilika. Kwa kipande cha inchi 3, kwa mfano, miraba hukatwa kwa inchi 3⅞. Mimi napendelea kukata kwa inchi 4 kamili, kisha kuweka mstari wa nyuzi 45 wa rula ya mraba juu ya mshono na kupunguza kipande hadi inchi 3½. Kitambaa kinachopotea ni uzi tu, na pembe zote hukaa mahali pake. Mraba ukigawanywa katika pembetatu nne, nyongeza inakuwa inchi 1¼ badala ya ⅞.

Namba hizo hazikuokotwa. Nafasi ya mshono ya robo inchi huizunguka pembetatu pande zote tatu, na kwenye pembe kali za nyuzi 45 husukuma ncha mbali zaidi kuliko inavyofanya kwenye pembemraba. Ukipiga hesabu kamili unapata takriban inchi 0.85 kwa pembetatu ya kwanza na 1.21 kwa ya pili, na washonaji wakazipandisha hadi ⅞ na 1¼ kwa sababu hizo ndizo alama zilizopo kwenye rula. Ukilielewa hilo huhitaji kukariri, na wala hutababaika mchoro unapokuja kwa ukubwa usio wa kawaida.

Bata warukao, yaani pembetatu moja kubwa iliyokaa kati ya mbili ndogo, hupatikana wanne kwa mpigo bila rula yoyote maalumu na bila kutupa kitambaa. Kata mraba mmoja mkubwa wenye upana wa bata aliyekamilika pamoja na inchi 1¼, na miraba minne midogo yenye kimo chake pamoja na inchi ⅞. Kwa bata wa inchi 2 kwa 4, mkubwa una inchi 5¼ na midogo ina inchi 2⅞. Weka midogo miwili kwenye pembe mbili zinazokabiliana za ule mkubwa, uso kwa uso. Itapandana kidogo katikati, na ndivyo inavyotakiwa. Chora ulalo mmoja unaopita katika yote miwili, shona robo inchi huku na huku, kata juu ya mstari, kisha piga pasi. Kila nusu sasa ina umbo linalofanana na moyo. Weka mraba mdogo uliobaki kwenye pembe yake iliyo wazi, chora ulalo unaoanzia kwenye ncha ya pembe hiyo, shona na ukate vilevile. Kila nusu inakupa bata wawili, nawe unawasawazisha hadi inchi 2½ kwa 4½.

Pembetatu zenye pande sawa ni rahisi zaidi. Kata ukanda wenye kimo unachokitaka pamoja na inchi ¾, laza mstari wa nyuzi 60 juu ya ukingo wa chini wa ukanda, ukate, kisha geuza rula kwenye mstari mwingine wa nyuzi 60 na ukate tena. Almasi za nyota ya ncha nane hukatwa kwa namna hiyohiyo, isipokuwa mstari ni wa nyuzi 45, na umbali kati ya mkato mmoja na mwingine ni sawa na upana wa ukanda wenyewe. Umbali huo upimwe kwa pembemraba kutoka kwenye ukingo uliokatwa kwa mshazari. Ukiupima kwa kufuata urefu wa ukanda, pande za almasi hazitalingana.

Siwezi kusema kwamba rula za maumbo hazina kazi. Ikiwa unakata mamia ya pembetatu za ukubwa mmoja, au mkono wako unachoka kugeuza rula ndefu, ndogo ya pembetatu itakupunguzia muda na maumivu, na hiyo ni sababu ya haki ya kununua. Mchoro mmoja utakaoushona mara moja haitoshi kuwa sababu.

Ndugu Fundi, mama yangu alikata viraka vyake vyote kwa violezo vya kadibodi. Mimi nikifanya hivyo vipande havilingani. Ninakosea wapi, na je, kadibodi inafaa bado?
*Binti wa mshonaji*

Dada, inafaa. Kisu cha gurudumu kilitolewa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979. Mifarishi tata iliyoshonwa kabla ya hapo ilikatwa kwa mkasi, na violezo vyake vilikuwa vya karatasi, kadibodi au bati. Kasoro ya kadibodi ni kwamba penseli huila ukingo wake kila inapopita. Baada ya kuchora vipande kadhaa, pembe zinakuwa butu na kiolezo kimepungua, kwa hiyo kiraka cha mwisho hakilingani na cha kwanza. Bila shaka mama yako alikuwa akibadilisha violezo kila vilipoanza kulika.

Fanya hivi: chora umbo mara moja kwa uangalifu mkubwa kwenye karatasi ngumu, na hicho kiwe kiolezo mama usichokitumia kukatia. Kutoka kwake toa nakala za kadibodi ya maboksi membamba, na kila nakala ipumzishwe pembe zake zinapoanza kuchakaa. Plastiki nyembamba inayopitisha mwanga hudumu zaidi, na vifuniko bapa vya vyombo vilivyokwisha kutumika vinafaa kabisa. Bandika kipande cha msasa laini upande wa chini ili kiolezo kishike kitambaa. Chora kwa penseli iliyochongwa vizuri, ukiilaza kidogo ili ncha igusane na ukingo, kwa kuwa unene wa mstari nao ni kipimo.

Kwenye violezo vya mviringo kujichorea kunalipa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu rula za mviringo ni za bei kubwa na kila moja hutoa ukubwa mmoja au miwili tu. Tuseme unataka robo duara yenye nusukipenyo cha inchi 3 ndani ya mraba. Chora kwanza umbo kamili kwa bikari, bila nafasi ya mshono. Kwa kipande cha robo duara, rudi kwenye kitovu kilekile, fungua bikari hadi inchi 3¼ na uchore tao jipya, kisha sogeza pande mbili zilizonyooka robo inchi kwenda nje. Kwa kipande kinachoipokea robo duara hiyo, tao huchorwa kwa inchi 2¾, na pande zake zilizonyooka nazo husogezwa nje robo inchi. Matao mawili yaliyokatwa hayafanani, na wanaoanza hushtuka na kudhani wamekosea. Mistari ya kushonea ndiyo inayofanana, kwa kuwa yote miwili iko inchi 3 kutoka kitovuni. Weka alama katikati ya kila tao ili ujue pa kuanzia kubandika pini.

Pembesita ndogo za kushona kwa mkono juu ya karatasi hazihitaji ununue chochote. Chora duara, na bila kubadili ufunguo wa bikari, tembeza hatua sita kuzunguka duara hilo, kisha unganisha alama. Karatasi hizo hukatwa kwa ukubwa kamili usio na mshono, kitambaa ndicho kinachozidishwa robo inchi, na zikichomolewa taratibu hutumika tena na tena. Ikiwa unachapa violezo kwa printa, chagua ukubwa wa asilimia 100 na upime mraba wa majaribio wa inchi 1 uliopo kwenye ukurasa kabla ya kukata chochote.

Nina onyo moja ambalo naomba ulizingatie: usipitishe kisu cha gurudumu kando ya kadibodi au plastiki nyembamba. Wembe hupanda juu ya ukingo, hula kiolezo, na hatimaye hufika kwenye vidole. Violezo hivi ni vya penseli na mkasi.

Fundi, nimeuziwa rula kuukuu kwa bei nzuri, lakini haikubaliani na ile niliyo nayo. Nitajuaje ipi ni sahihi?
*Mpenda viraka*

Weka rula kwenye karatasi, chora mstari kando ya pande zake mbili zinazokutana, kisha igeuze uso chini ukiiweka kwenye mstari uleule wa kwanza. Upande wa pili ukiuacha mstari wake, pembe ya rula hiyo si pembemraba, na haifai. Baada ya hapo pitisha ukucha polepole kwenye kingo zote, kwa sababu pengo dogo lisiloonekana kwa macho hukamata wembe na kuuharibu. Zikiwa nzima zote mbili, tofauti huenda inatokana na unene wa mistari iliyochapwa. Chagua moja na uitumie kwa mfarishi mzima, kwani vipande vyote vikikosea kwa kiasi kilekile vitalingana. Usipime kwa mistari ya mkeka. Vivyo hivyo, usichanganye rula ya inchi na ya sentimita katika kazi moja, kwa maana robo inchi ni milimita 6.35, na milimita hizo chache hujikusanya kwenye kila mshono.

Fundi, ninataka kushona mistari ya mapambo juu ya mfarishi kwa cherehani ya nyumbani, nikiongoza kwa rula. Naweza kutumia rula yangu ya kukatia ili nisinunue nyingine?
*Mshonaji wa nyumbani*

Hapana, na hapa sitakushauri ubane matumizi. Rula ya kukatia ni nyembamba. Mguu wa cherehani unaweza kupanda juu yake wakati sindano inashuka, sindano ikavunjika na vipande vyake kurukia usoni. Rula za kuongozea mshono ni nene makusudi, kwa kawaida milimita 6 kwa cherehani zenye shina refu la mguu (kijiti kinachoushikilia mguu) na takriban milimita 3 kwa zenye shina fupi. Tena hutumiwa na mguu maalumu wa duara ambao huiweka sindano robo inchi kutoka kwenye ukingo wa rula. Pima shina la cherehani yako kabla ya kuagiza.

Ukiamua kununua, chukua moja iliyonyooka yenye mistari ya kulinganishia, kwa kuwa inatosha kwa vyumba vya mraba, almasi na mishazari. Usipokuwa na uwezo kwa sasa, mistari iliyonyooka hushonwa vizuri bila rula kabisa. Bandika utepe wa karatasi unaotumiwa na wapaka rangi, shona kando yake bila kuugusa kwa sindano, kisha uhamishe kwenye mstari unaofuata. Uondoe siku hiyohiyo unapomaliza kushona, kwa sababu ukilala juu ya kitambaa gundi yake huganda kwenye nyuzi.