Premio ya 2002 ya familia: nichukue au niache?

Kaka, umesema ni Premio ya 2002, cc 1790, na mwenye gari anaapa "haina shida hata moja". Nenda asubuhi bila kumpa taarifa mapema, gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, jiulize kaiwashia nini kabla hujafika; huenda kuna kitu anaficha injini ikiwa baridi. Kisha yeye awashe, wewe simama nyuma uangalie moshi. Injini hiyo ni 1ZZ, na za miaka ile zinajulikana kwa kula oili. Ukiona moshi wa bluu, au kijiti cha oili kinatoka kikavu, achana nayo hata kama viti bado vina nailoni. Mimi nilidanganywa na rangi mpya; miezi 2 baadaye nikawa natembea na galoni ya oili kwenye buti.

Ipitishe kwenye mashimo, redio imezimwa. Ikigonga mbele mara nyingi ni bushi (zile raba za kwenye maungio ya chini) au shokomzoba. Hizo mpunguzie kwenye bei tu.

Namba ya chasisi ilingane na kadi ya gari, na jina kwenye kadi liwe la huyo anayepokea hela.

Ukishaichukua, mwaga oili siku hiyohiyo, weka mpya na filta yake. Rejeta itie kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), siyo maji ya bomba.