Kulea watoto wadogo mkiwa wamisionari ugenini: siku inapangwaje?

Bwana asifiwe, dada yangu. Umeuliza siku inagawanywaje kati ya huduma na watoto, maana mnakaribia kuondoka na mtoto wa miaka minne na mdogo wake ambaye ndiyo kwanza anatembea. Mimi na mume wangu tumelea watatu ugenini katika umri huohuo, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Pangeni siku ya watoto kwanza, kisha huduma iingie katika nafasi zinazobaki. Najua inasikika vibaya kwa watu waliochangiwa nauli na kanisa. Lakini fikiria mtoto wa miaka minne: siku moja anaagana na bibi, babu, chumba chake, rafiki zake na lugha anayoielewa barabarani. Kinachoweza kubaki kilekile ni mpangilio wa siku, yaani saa ya kula, kuoga, hadithi, sala na kulala. Sisi tuliushika mpangilio huo hata sebule ikiwa imejaa wageni. Mmoja wetu alibaki nao, mwingine akaingia chumbani na watoto. Sikumbuki mgeni aliyechukia. Wengi wao nao walikuwa wazazi.

Sasa nikuambie ninalolisisitiza kuliko yote. Mara nyingi hupangwa kwamba baba aanze masomo ya lugha na mama atulie nyumbani na watoto, "zamu yake itakuja". Haiji. Mwaka unakwisha, baba anahubiri na kucheka na majirani, mama hawezi hata kumweleza muuguzi mtoto anaumwa wapi. Semeni na viongozi wenu kabla ya kuondoka: asubuhi asome mmoja, mchana mwingine, hata kama wote wawili mtachelewa. Sisi tulikaa hivyo, mume wangu akawa anapika na kubadilisha nepi huku mimi nikiwa darasani, na watoto wakazoea kwamba kazi ya Mungu ni ya baba na mama.

Historia ya misheni yenyewe inaonya. Mmisionari Mwingereza William Carey alipokwenda India mwaka 1793, mkewe Dorothy, ambaye mwanzoni alikataa kwenda, alisafiri akiwa na watoto wadogo na kichanga mkononi. Mwaka uliofuata mwanawe Peter, wa miaka mitano, alifariki kwa kuhara damu. Dorothy akaugua akili na hakupona hadi alipofariki mwaka 1807. Tunamsifu sana Carey kwa Biblia alizotafsiri. Mimi nikimkumbuka, namwombolezea Dorothy kwanza.

Kuhusu afya, basi, muwe na maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yale ya ORS, ndani ya nyumba siku zote. Mtoto akiharisha, hupewa hayo hadi kuharisha kukome, pamoja na zinki, ambayo huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshatulia. Ukiona damu, au macho yamebonyea na mtoto hataki kunywa, usisubiri asubuhi. Kadi za chanjo zipigeni picha na mzibebe kwenye begi la mkononi.

Lugha isiwatishe. Mtoto wenu mkubwa anaweza kunyamaza miezi kadhaa akiwa na watoto wa jirani, akicheza nao bila kusema neno. Anasikiliza. Msimlazimishe kuonyesha anachojua mbele ya wageni. Ninyi endeleeni kuzungumza naye lugha yenu ya nyumbani bila kuchoka, kwa sababu ile ya nje ataipata kwa kucheza, lakini hii ya kuongea na bibi yake ataipata kwenu tu.

Mwanasosholojia wa Marekani, Ruth Hill Useem, alizichunguza familia za Wamarekani waliokuwa India katika miaka ya 1950, akawaita watoto wao "watoto wa utamaduni wa tatu": si wa kwao kabisa, si wa ugenini kabisa. Hilo nimeliona kwa wanangu. Linaumiza zaidi wakati wa likizo, pale kila mtu anapowaambia "karibuni nyumbani" na wao wanauliza tutarudi lini nyumbani. Msiwasahihishe. Na kanisa likitaka kuwasimamisha mbele waimbe kwa lugha ya kigeni, waulizeni watoto kwanza; wakikataa, ninyi ndio muwaambie wazee hapana. Hivyohivyo kwa picha zao kwenye barua za maombi. Ugonjwa wa mtoto, kukojoa kitandani, vilio vyake vya usiku, hayo yapelekeni kwa watu wachache mnaowaamini. Wafadhili wote hawana haja ya kuyajua.

Kuaga ni kazi ya kudumu, maana wamisionari wenzenu nao huhama. Mwambieni mtoto mapema rafiki yake anapoondoka, aende kumuaga, alie akitaka.

Kwa sasa, mpe huyo wa miaka minne begi lake dogo, ajaze anachotaka mwenyewe, hata kama ni mawe na kopo tupu, na msilipunguze usiku akiwa amelala. Suala la shule nimeliacha kwa makusudi. Linategemea kama mtakaa mjini au mbali na mji, kwa hiyo niandikie mkishajua kituo chenu.