Picha za Hadithi za Utotoni Kwenye Kuta za Nyumbani

Kabla hujaenda kwa fundi wa fremu, tandikeni mkeka, toeni vitabu vyenu vya zamani, na kila picha iliyowavutia iulizieni jambo moja: nani humu ndani anaweza kuisimulia?

Kwetu Tanga hilo ndilo lililoamua. Picha ya kima juu ya mkuyu, papa akimbembeleza kutoka majini, ilipita bila ubishi, maana mama mkwe wangu anaijua hadithi yote mpaka kile kisa cha punda wa dobi asiye na moyo wala masikio. Sasa iko sebuleni, na wanangu wakimwona bibi yao amekaa chini yake wanajua pa kuanzia. Kulikuwa na nyingine yenye rangi nzuri kuliko hiyo, bustani ya ng'ambo iliyojaa maua, lakini hakuna aliyekuwa na la kusema juu yake. Tukairudisha kabatini. Nyumba ya familia haihitaji picha nyingi. Tatu zenye masimulizi zinatosha ukuta mzima.

Kitabu chenyewe msikichane, nawasihi. Vitabu vingi vya shule vya miaka ya 1970 na 1980 vilichapwa kwenye karatasi ya bei nafuu, yenye asidi inayoigeuza njano na kuifanya ikatike kila ikikunjwa. Ukiuweka ukurasa huo ukutani penye mwanga, unauharakishia mwisho wake. Peleka kitabu kikaskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi: hapo utaweza kuikuza picha mara mbili kila upande na ikachapwa kwa nukta 300, ambazo ni safi kabisa kwa macho. Omba karatasi isiyong'aa. Na mchapaji akitaka kufuta madoa na mistari ya penseli aliyochora mtoto wa zamani, mkatalie. Kwetu ile penseli ni ya shangazi ya wanangu.

Nakala hiyo iwe ya ukuta wenu tu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo msianze kuchapa na kuuza.

Sisi wa pwani tuna adui mkubwa, unyevu. Picha ikigusana na kioo hunata, na kuibandua ni kuiharibu. Mwambie fundi akate kadibodi nene yenye uwazi katikati, ikae baina ya picha na kioo. Nyuma aweke hadibodi, yaani ubao mwembamba mgumu, na kuziba kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili wadudu wasipenye. Kisha gundisha vipande vidogo vya mpira kwenye pembe mbili za chini, hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Ukuta unaopigwa na jua la asubuhi uache mtupu.

Chumbani kwa watoto tundika chini, usawa wa macho yao, na badala ya kioo tumia plastiki ngumu inayoonyesha.

Kama kitabu mlichokipenda kimeshapotea, mwendeeni mchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, na mtindo huo umeingia hata vitabuni: John Kilaka anachora hivyo hadithi zake za wanyama. Msimpe mchoraji picha ya kunakili. Bibi au babu akae naye amsimulie, aseme sungura alikuwa amevaa nini na fisi alisimama wapi, watoto wakiwepo kumsahihisha. Mkishaletewa, iacheni ikauke vizuri kabla ya kuitundika. Haihitaji kioo, na vumbi lake hufutwa kwa kitambaa kikavu.